Mtu wa Mguu Mmoja Nyuma Yetu

Juzi nilimnunulia mwanangu koti la mvua pale Miembeni, la plastiki, la njano, bado limekunjwa kwenye mfuko wake. Nilipolifungua nyumbani harufu ikanipiga usoni, ile harufu ya nailoni ambayo haijawahi kuona mvua, nikajikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda na koti mapajani, siwezi kuinuka. Mwanangu akaniuliza kama limechanika. Nikamwambia ni zima kabisa, nikamvalisha haraka asiendelee kuuliza. Lakini jioni ile nzima nilikuwa tena mtoto chini ya nailoni ya baba, nimekaa kinyume kwenye karia ya baiskeli, nachungulia kwenye mwanya mdogo, na barabara inatokea chini ya miguu yangu na kwenda zake.

Baba alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha duka moja Miembeni, mjini Bukoba, lakini sisi tuliishi Kanazi, kwenye kibanja alichoachiwa na babu, migomba na mibuni imesogea hadi mlango wa jikoni. Mimi nilisoma Kahororo. Ukiniuliza kwa nini mtoto wa Kanazi apelekwe Kahororo kila siku na kurudishwa, wakati shule ya kijijini ilikuwa karibu kiasi kwamba kengele yake niliisikia nikiwa bado nakunywa uji, jibu ni moja tu: mama ndiye aliyetaka. Alisikia kwamba walimu wa kule wanafundisha kweli, akasema mwanangu atasoma kule, na baba hakuwa mtu wa kubishana na mama. Kwa hiyo asubuhi alinipakia, akanishusha shuleni, akaendelea mjini kwenye kazi yake, na jioni tukarudi njia ile ile.

Watu wa mikoa mingine wanadhani mvua ni kitu cha msimu. Waje kwetu. Kwetu mvua hutoka ziwani alfajiri na ngurumo zake, ikakukuta katikati ya safari, ikakulowesha hadi kwenye kitovu, na ukifika shuleni jua linawaka na wenzako wanakushangaa kana kwamba umeoga na nguo. Ikija miezi ya kiangazi, unafurahia wiki moja tu, halafu unaanza ukungu na baridi inayokata vidole, na mchana vumbi jekundu linakaa hadi kwenye kope. Mwezi wa senene, wadudu wale walitugonga usoni tukienda, na baba alikuwa akiwachomoa kwenye mkono wa shati bila kuacha kunyonga baiskeli, akawatia mfukoni. Miguu aliifunga mifuko ya plastiki. Alikuwa na kijiti cha kukwangua tope kwenye madigadi. Breki zikilowa hazishiki, kwa hiyo kwenye miteremko aliburuza kiatu chini, na viatu vyake vyote viliisha upande mmoja.

Kunikalisha kinyume ilikuwa akili ya mama. Baba akishajifunika kofia ya nailoni hakusikia kitu, na malori yanayokuja kutoka upande wa Muleba hayana huruma. Basi mama akasema nikae mgongo kwa mgongo na baba, nitazame nyuma, nikiona gari nimgonge na kiwiko. Niliipenda kazi ile. Nilijiona mtu mkubwa. Kila baada ya muda baba aliuliza, "Kuna nini nyuma?" nami nikajibu, "Hakuna," na tukaendelea. Wengine wanazikumbuka barabara za utotoni kwa jinsi zilivyokuwa zikiwajia. Mimi naikumbuka kwa jinsi ilivyokuwa ikiondoka.

Kisha mama akaenda visiwani asirudi.

Ilikuwa kawaida yake kwenda. Alichukua nguo alizoshona baba, akapanda boti kule Muleba, akawauzia wavuvi na wachuuzi wa samaki visiwani, akarudi na gunia la dagaa. Safari ile siku zilipita, majirani wakaanza kuja nyumbani na kukaa kimya. Bibi, mama yake baba, akakata nyasi akaanza kuzitandaza sebuleni, na mimi nikafurahi nikidhani ni sikukuu, maana kwetu nyasi mbichi ndani ya nyumba ni dalili ya wageni. Baba alipoingia alizikusanya kwa mikono yake, akazitupa nje, akasimama mlangoni. "Hapa hakuna msiba," aliwaambia watu. "Nani kauona mwili? Nendeni mkalime." Wakaondoka mmoja mmoja. Mimi akaniambia kwamba ziwa limechafuka, likitulia mama atarudi.

Nilimwamini kabisa. Kwa nini nisimwamini? Kesho yake alinipakia tukaenda shule. Kesho yake tena. Bibi alipomwambia amhamishie mtoto hapa karibu, sasa mambo si kama zamani, baba alimkata: "Mama yake akirudi asikute nimebadilisha kitu." Na kweli hakubadilisha. Kikombe cha mama kilikaa mahali pake, jembe lake mahali pake, na sisi barabarani, liwe jua, iwe mvua, hata siku mti ulipoangukia njia alibeba baiskeli begani akanishika mkono tukapita juu ya matawi. Leo najua alikuwa anakimbia nini. Wakati ule niliona tu kwamba baba yangu ni mtu wa bidii.

Kuna mahali kwenye njia ile ambapo kilima kinapasuka na ziwa linaonekana. Nilipageuza kuwa kituo changu cha ukaguzi. Likiwa na mawimbi, nilijiambia leo bado. Likiwa limelala, nilirudi jioni nikikimbilia jikoni. Na ziwa lilitulia mara nyingi, tena likang'aa vizuri kabisa, na jikoni alikuwa bibi peke yake. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, kwa akili yangu ya mtoto, kwamba kumbe tatizo si mawimbi. Kuna mtu kamshikilia.

Na huyo mtu nilimjua. Bibi alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni, lakini dhoruba ikinguruma kutoka ziwani alinyamaza katikati ya Salamu Maria, akasikiliza, akasema kwa sauti ya chini, "Anapita." Nilimuuliza ni nani. Hakumtaja jina, alisema jina lake haliitwi hovyo. Alisema ni mwenye ziwa. Ana mguu mmoja, na upepo ni pumzi yake, na anapotembea nchi kavu hutembea ndani ya mvua ili watu wasimwone vizuri. Akishika mtu hamwachii bure, lazima aombwe kwa adabu. Baada ya hapo alimalizia rozari yake kama kawaida.

Sasa fikiria mtoto aliyejaa hadithi hiyo, amekaa kinyume kwenye karia, asubuhi ya mvua.

Siku ya kwanza sikumwona, nilimsikia. Baiskeli ya kawaida ikinyongwa ina sauti moja inayozunguka, haikatiki. Hii ilikuwa inakatika. Kruu, halafu kimya. Kruu, halafu kimya. Ilitoka ndani ya mvua nyuma yetu, mbali kidogo, ikaongezeka, ikapungua, ikaongezeka. Nikachungulia kwenye mwanya wa nailoni. Ikatokea kofia kwanza, kisha mabega, kisha gurudumu, na nilipotazama chini kwenye pedeli niliona mguu mmoja tu ukipanda na kushuka. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Pedeli ilikuwa inazunguka peke yake.

"Kuna nini nyuma?" baba aliuliza.

"Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Wa mguu mmoja."

Nilitegemea acheke, aniambie niache ujinga. Hakucheka. Mgongo wake ulikakamaa dhidi ya mgongo wangu, akainuka kwenye tandiko, akakaza kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mifuko ya plastiki miguuni ikapiga kelele. Yule mtu akabaki nyuma, akafifia, mvua ikamfunika. Baba hakupunguza mwendo hadi Kahororo, na kabla ya kunishusha alitazama kwanza tulikotoka. Hofu yake ndiyo iliyonimaliza. Kama baba anamwogopa, basi ni yeye.

Tangu siku hiyo alikuwa nasi. Asubuhi za jua hatukumwona, na kwangu huo ulikuwa ushahidi mwingine, kwamba hutoka na mvua tu. Haikunijia akilini kwamba barabara ikiwa kavu baba alikwenda kasi, na kwenye tope kila mtu anatambaa. Asubuhi za ukungu alikuja karibu zaidi. Sikumwona hata kivuli, nilisikia tu kruu na kimya, kruu na kimya, na baadaye harufu ya samaki ikapenya chini ya nailoni, harufu ile ile ya mama akirudi visiwani, hadi nikataka kushuka. Mara moja ukungu ulipasuka akawa karibu kiasi cha kuuona uso wake. Alinitazama moja kwa moja, akainua mkono. Mimi nikafumba macho. Na jioni tukirudi, mahali penye tope kilimani watu waliposhuka kusukuma baiskeli, niliona nyayo zake: mguu mmoja, na pembeni yake kitundu cha duara. Mguu mmoja, kitundu. Zilikwenda hivyo hadi juu. Nilizikanyaga kwa macho moja moja.

Baba sasa alibadili saa ya kuondoka. Tulitoka mapema zaidi, kisha tukachelewa zaidi, na sauti ile ikatufuata vile vile. Akaacha kuniuliza kuna nini nyuma. Nyumbani akawa mkali, akala kidogo. Nilimsikia bibi akimwambia, "Msikilize huyo mtu, mwanangu. Unamkimbia mpaka lini?" na baba akamjibu, "Nikimsikiliza ndiyo basi, waitu mama." Nilidhani wanamzungumzia mwenye ziwa. Na kwa namna fulani, hata leo siwezi kusema nilikosea sana.

Nikaamua kwamba ikiwa baba anaogopa kumwomba, nitamwomba mimi. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na majani na kukaushwa, za kutafuna. Bibi alikuwa nazo ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko. Nilijua kwamba ukipewa na ukatafuna, wewe na aliyekupa hamwezi kudanganyana wala kudhuriana, niliwaona wakubwa wakifanya hivyo wakipatana. Nikachukua chache, nikazifunga kwenye kona ya leso, nikazitia mfukoni mwa sketi ya shule. Nilikwenda nazo na kurudi nazo. Nguo zikifuliwa nilizitoa, zikikauka nikazirudisha. Nilikuwa nasubiri nafasi, na nilikuwa naomba isipatikane.

Ikapatikana siku cheni ilipokatika. Tulikuwa kwenye mikaratusi, mvua inamwagika, radi inapiga upande wa ziwani. Baiskeli ikafanya mlio, miguu ya baba ikazunguka bure, tukasimama. Akaiangalia cheni, akaangalia nyuma, akaangalia mbele. Kando ya njia palikuwa na banda la kukusanyia kahawa, limefungwa kwa sababu msimu ulikuwa umepita, lakini baraza yake ilikuwa na bati. Akanisimamisha pale na baiskeli. "Kaa hapa, usiongee na mtu. Nashuka kwenye nyumba ile ya bondeni niazime nyundo." Akaondoka mbio, mgomba wa kwanza ukamficha.

Nikabaki na kelele za mvua juu ya bati. Haikuchukua muda. Kruu, kimya. Kruu, kimya. Nikashika leso mfukoni. Akatokea kati ya miti, akatambaa hadi kwenye baraza, akaegemea nguzo kwa bega. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwenye pedeli kwa mpira wa tairi la ndani, ili aweze kuisukuma na kuivuta. Akaufungua taratibu, akachomoa gongo lililolala kwenye baiskeli, akashuka. Maji yalimtiririka kutoka kwenye ukingo wa kofia yakaficha macho yake. Alinuka samaki na nyavu.

Nikapiga magoti kwenye tope, kama tulivyofundishwa kuwasalimu wakubwa. "Shikamoo."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya mtu wa kawaida, na hilo lilinitisha kuliko kama angenguruma. "Wewe ndiye mtoto unayekaa kinyume."

"Ndiyo." Nikafungua leso, nikamnyooshea kahawa kwa mikono miwili.

"Za nini hizi?"

"Zako. Inabidi utafune."

Akachukua moja, akaitia mdomoni, akatafuna na uso wake ukakunjamana kwa uchungu wa kahawa. Nami nikatafuna yangu. Kisha nikasema maneno niliyokuwa nimeyakariri usiku mwingi: "Naomba unirudishie mama yangu. Ziwa limetulia mara nyingi na bado hujamwachia."

Alikaa chini ghafla kwenye ngazi ya banda, kana kwamba gongo limevunjika. "Wewe unadhani mimi nani?"

"Mwenye ziwa."

Akatazama mahali ambapo mguu wake haukuwepo. Hakucheka, na hadi leo namshukuru kwa hilo. "Mimi mvuvi tu, mwanangu. Mguu huu ulichukuliwa na mamba hata kabla hujazaliwa. Siku hizi nashona nyavu ufukweni hapo Bukoba, ninakaa kwa dada yangu huko nyuma ya Kanazi. Barabara yetu ni moja."

"Sasa mama yuko wapi?"

Alifungua mdomo, na baba akatokea nyuma ya banda, nyundo mkononi, anahema.

"Ondoka hapo," baba alisema.

"Fundi."

"Nilikuambia pale Miembeni ulipokuja kibarazani, sitaki neno lako. Ukanifuata. Kila siku ya Mungu unanifuata. Unataka nini kwangu?"

"Fundi, mtoto ameniuliza mama yake yuko wapi. Nimjibu nini?"

"Mjibu yuko visiwani."

"Siwezi. Nimeshatafuna kahawa yake." Akafungua kiganja akamwonyesha zilizobaki. "Nimekaa na ninyi Wahaya muda mrefu. Najua maana yake."

Baba akaziangalia zile kahawa, akaniangalia mimi na tope magotini. Nilidhani atanichapa. Nyundo ikamponyoka ikaangukia kwenye majani, akajikalisha kwenye baraza upande wa pili, mbali na yule mtu, akainamisha kichwa. "Sema basi," alisema. "Sema yaishe."

Yule mtu akasema, na aliyasema kwa unyenyekevu, bila kuongeza chumvi. Boti ilijaa mno, upepo ukaja kutoka pembeni, ikapinduka giza likiwa limeingia. Yeye na mama walijikuta wameshika dumu moja la mafuta. Mama alimjua, alishamuuzia shati. Alimwambia, wewe huna mguu wa kupigia maji, utanizamia hapa hapa. Akafungua kitenge kiunoni, akakichana kwa meno, akamfunga mkono kwenye mpini wa dumu.

"Na yeye?" baba aliuliza.

"Yeye alishika kwa mikono tu." Akafuta maji usoni. "Aliongea sana, fundi. Alikuwa anarudia neno moja, mwanangu hukaa anatazama nyuma, ataniona. Nilidhani baridi imemchanganya. Kulipoanza kupambazuka nikamwita, nikaona nipo peke yangu. Miezi ilipita, nikatoka ziwani nikaja huku, nikapanda baiskeli kwenda kazini asubuhi ya kwanza, na mbele yangu namwona mtoto anatazama nyuma."

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Asubuhi zote zile nilikuwa nimetazama nyuma kweli, jua na mvua, kwa macho yote mawili. Nikageuka nikaitazama barabara. Baba naye akageuza kichwa, na yule mtu naye, sote watatu tukatazama upande ule tuliotoka, chini ya mikaratusi, ambapo mvua ilikuwa inaruka juu ya tope jekundu na hapakuwa na kitu. Tulitazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa kutazama mahali pasipo na kitu.

Kisha yule mtu akatoa mfukoni mfuko wa nailoni, na ndani yake kipande cha kitenge kilichofifia kwa maji. Baba hakukitazama rangi. Alikigeuza, akatafuta pindo kwa kidole gumba, akalipapasa taratibu mshono kwa mshono hadi mwisho.

"Mkono wangu huu," alisema. "Huu ni mkono wangu."

Shule sikwenda siku ile. Yule mtu alishika baiskeli baba akigonga cheni, tukarudi Kanazi pamoja, na yeye akawa ubavuni mwetu. Bibi alituona tukiingia. Alichukua mundu akaenda kukata nyasi.

Kwetu mtu asiyeonekana haachwi huko aliko. Hukatwa mgomba ukazikwa badala yake, na aliyemwona mwisho husimama mbele ya watu akasema. Bibi alichagua mgomba. Baba aliukata mwenyewe, na alipotaka kukata mara ya pili, upande wa juu, mjomba mmoja akamletea futi ya kupimia. Hakuichukua. Alikuwa amemshonea mama magauni miaka yote ile. Aliutazama tu, akasogea hatua, akakata, na nilipouona umelazwa kitandani ndani ya shuka nyeupe aliyoishona kwa mkono nilirudi nyuma hadi ukutani, maana ulikuwa na urefu wa mama kabisa. Baba alikuwa ameuzungushia kile kipande cha kitenge kiunoni. Maji ya mgomba yalikuwa yanapenya kwenye shuka na kudondoka sakafuni, juu ya nyasi. Wanawake walikaa pembeni yake wakiimba nyimbo za kanisa, na hawakumwacha peke yake hata dakika moja. Bibi akanishika mkono. "Mwana wange, muage." Nikaweka kiganja juu ya shuka. Ilikuwa baridi na imelowa, kama mtu aliyetolewa majini muda huo huo, na hapo nilijua amefika. Sikuogopa tena. Nililia hadi sauti ikakauka.

Yule mtu alisimama kwa gongo lake mbele ya migomba akasema alichokiona. Katekista akasali. Baba hakulia hadi udongo ulipoanza kuingia, na alipoanza wanaume wawili hawakutosha kumshika.

Jumatatu baba hakuitoa baiskeli. Aliniamsha jua likiwa limeshatoka, tukanywa uji wote bila haraka, tukaenda kwa miguu hadi shule ya kijijini. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mwenye miwani, hakuwa mwenyeji wa pale na hakutujua. Akauliza jina langu, akauliza la baba. Akauliza la mama, na baba akalitaja lote, na la ubatizo.

"Naye yupo hapa Kanazi?" mwalimu akauliza.

"Yupo," baba akasema. "Tumemzika Alhamisi."